Nguvu na Kizuizi Chake: Funzo Kutoka Katika Damu ya Mwanadamu

Ni swali la kale, na kila kizazi hulirudia kwa maneno yake: je, mtu anayejizuia asilipize ubaya kwa nguvu zote alizo nazo ni mwema, au ni dhaifu aliyepata jina zuri la kuufunika udhaifu wake? Katika vibaraza vya Mji Mkongwe wa Unguja, tangu Malindi hata Shangani, swali hili husikika mara nyingi, ijapokuwa halitajwi kwa jina. Mmoja husema ya kwamba ulimwengu huu ni wa wababe, na mpole huliwa akiwa hai. Mwingine humjibu kwa methali, kwamba hasira ni hasara. Wa tatu hunywa kahawa yake na kunyamaza, kwa sababu ajua kuwa methali peke yake haimtoshi mtu aliyedhulumiwa.

Makala haya yakusudia kulichungua swali hilo kwa njia isiyozoeleka sana, yaani kwa kuutazama mwili wa mwanadamu mwenyewe. Ndani ya damu ya kila mmoja wetu, awe tajiri au maskini, muumini au asiyeamini, imo nguvu ya kuua ambayo haina huruma hata kidogo. Na kando ya nguvu hiyo vimo vizuizi ambavyo kazi yake ni kuifunga isituangamize. Wataalamu wameichunguza nguvu hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Waliyoyagundua yafaa yajulikane na kila mwenye kutaka kuelewa uhusiano uliopo baina ya nguvu na upole.

NGUVU ISIYO NA MACHO

Mwaka 1895 mwanasayansi kijana wa Ubelgiji, Jules Bordet, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alionyesha jambo la ajabu. Maji ya damu ya mnyama aliyekingwa na kipindupindu yaliweza kuua vijidudu vya ugonjwa huo. Lakini yakipashwa moto kufikia nyuzi 56 hivi za Selsiasi, uwezo huo ulitoweka. Yalipoongezewa maji ya damu mabichi ya mnyama ambaye hakukingwa kamwe, uwezo ulirudi. Basi ilidhihirika kwamba vitu viwili vilishirikiana: kimoja kinachomtambua adui na kustahimili moto, na kingine kinachoua na kuharibiwa na moto. Hicho cha pili kilikuja kuitwa komplementi, yaani kikamilisho, jina alilolitoa Paul Ehrlich wa Ujerumani, kwa kuwa hukamilisha kazi iliyoanzwa na cha kwanza. Bordet alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919.

Leo twajua ya kwamba komplementi si kitu kimoja, bali ni jamii ya protini zaidi ya 30, nyingi zikitengenezwa na ini na kuzunguka katika damu usiku na mchana. Iliyo nyingi kuliko zote huitwa C3. Protini hii ikikatwa, kipande chake hujinatisha juu ya kitu chochote kilicho karibu nayo. Kipande hicho husababisha nyingine zikatwe, na hizo nazo husababisha nyingine, hata mmoja ukawa kumi na kumi zikawa mia, kama moto wa makuti uliopata upepo wa kaskazi. Mwisho wa yote, protini kadhaa hukusanyika pamoja na kutoboa tundu katika utando wa kijidudu. Maji na chumvi huingia, na kijidudu hupasuka.

Ajabu iliyo kubwa zaidi ni kwamba nguvu hii haingoji mpaka adui aje. Kila saa, hata mtu akiwa amelala salama kitandani mwake, kiasi kidogo cha C3 hujifungua chenyewe na kutafuta mahali pa kunata. Wala haina macho. Utando wa kijidudu cha maradhi na utando wa chembe nyekundu ya damu yako ni mamoja mbele yake. Vyote viwili ni mahali pa kunata tu. Lau kama nguvu hiyo ingeachwa peke yake, mwanadamu asingekufa kwa maradhi. Angekufa kwa kinga yake mwenyewe.

WALINZI WA NYUMBA

Kwa nini basi tungali hai? Ni kwa sababu kila hatua ya nguvu hii imewekewa kizuizi. Iko protini iitwayo fakta H, ambayo huelea katika damu na kupapasa utando wa kila chembe. Ikikuta aina za sukari ambazo chembe zetu wenyewe zimepambwa nazo, hutua hapo, na kumsaidia mwenzake, fakta I, ambaye kazi yake ni kama ya mkasi: hukikata kile kipande cha C3 kilichonata, kisiweze tena kuita wenzake. Vijidudu vingi havina mapambo hayo, basi fakta H huvipita, na moto huendelea kuwaka juu yavyo.

Juu ya chembe zenyewe wamesimama walinzi wengine. Mmoja huitwa CR1. Huyu, pamoja na kuizuia komplementi, huifanya chembe nyekundu kuwa mchukuzi: hubeba taka za vita vya kinga na kuzipeleka kwenye ini na bandama ili zikaondolewe. Wa pili huitwa CD55, naye huitenganisha mitambo ya komplementi kabla haijaanza kukata. Wa tatu huitwa CD59, naye husimama penye mlango wa mwisho kabisa, akizuia lile tundu lisitobolewe hata kama hatua zote za kwanza zimeshapita. Kwa hiyo mwanzo una mlinzi wake, katikati pana wake, na mwisho una wake.

Mwenye kukaa Unguja anao mfano ulio karibu. Milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, yenye njumu za shaba na mbao nene, hutisha kwa uzito wake. Lakini mlango hausifiwi kwa uzito peke yake. Husifiwa pia kwa kuwa wenyeji huingia na kutoka bila ya kuumia. Mlango usiomfungukia mwenye nyumba si mlango, ni ukuta. Na nyumba yenye ukuta pande zote bila ya mlango haina tofauti na kaburi. Vivyo hivyo kinga isiyomjua mwenyeji wake haistahili kuitwa kinga.

PINDI WALINZI WAKIKOSEKANA

Ili mtu asidhani kwamba haya ni maneno ya kupamba tu, na tuutazame ugonjwa mmoja. Mwaka 1882 daktari wa Kijerumani, Paul Strübing, alieleza habari za mgonjwa wake, fundi wa magari ya kukokotwa mwenye umri wa miaka 29, ambaye mkojo wake ulikuwa mweusi kila baada ya usingizi wa usiku. Weusi huo ulitokana na chembe nyekundu za damu zilizovunjika ndani ya mishipa. Mwaka 1937 Thomas Ham wa Marekani alionyesha kwamba chembe za wagonjwa wa namna hii huvunjwa na maji ya damu yaliyotiwa asidi kidogo, hata yakiwa maji ya damu ya mtu mwenye afya njema. Kwa hiyo ubaya haukuwa katika nguvu inayoshambulia, kwa kuwa nguvu hiyo ni ile ile waliyo nayo watu wote; ubaya ulikuwa katika chembe ambazo hazikuweza kuizuia.

Mwaka 1993 wanasayansi wa Japani waliipata jeni inayohusika, iitwayo PIGA. Kasoro hutokea katika chembe mama moja ndani ya uboho wa mifupa. Chembe hiyo na kizazi chake chote hushindwa kutengeneza nanga ambayo CD55 na CD59 hufungwa nayo juu ya utando. Walinzi wenyewe wanaweza kutengenezwa, lakini hawana mahali pa kusimama. Basi komplementi, ambayo haikukasirika wala haikuchokozwa na mtu, hufanya kazi yake ya kila siku, na damu ya mgonjwa huvunjika. Wengine huganda damu ndani ya mishipa, na hilo limewaua wengi wao.

Ndugu msomaji, zingatia jambo hili kwa makini: katika ugonjwa huu hapana adui. Hapana kijidudu, hapana sumu, hapana mvamizi. Yapo magonjwa mengine ya jinsi hiyo. Fakta H ikiwa na kasoro, figo za mtoto zaweza kuharibika. Na mwaka 2005 watafiti waligundua ya kwamba badiliko dogo katika protini hiyo hiyo huongeza hatari ya kupoteza uwezo wa kuona uzeeni. Katika yote hayo mwili hauumizwi na mgeni. Huumizwa na nguvu zake mwenyewe zilizokosa wa kuzishika.

Hili ndilo funzo la kwanza. Wengi wetu hufikiri kwamba kujizuia ni kupunguza nguvu, kama vile nguvu ni maji katika mtungi, na upole ni ufa unaoyavujisha. Mwili wafundisha kinyume chake. Kizuizi ndicho kinachomwezesha mwenye nguvu kuwa na nguvu hizo bila ya kuangamia. Aondolewe kizuizi, naye hatakuwa shujaa zaidi, atakuwa mgonjwa.

PINGAMIZI LENYE UZITO

Lakini haifai kuukimbia upande wa pili wa hoja. Huenda mtu akasema: “Maneno haya ni mazuri, lakini adui naye anazo akili. Ukiwa na mlango wa huruma, ataingia kwa mlango huo huo.” Pingamizi hili ni la haki, na mwili wenyewe walitolea ushahidi, tena ushahidi mchungu kwa watu wa pwani yetu.

Kimelea cha malaria kiuacho watu wengi zaidi hapa Afrika, kiitwacho Plasmodium falciparum, hakina budi kuingia ndani ya chembe nyekundu ili kiishi. Chaingiaje? Mwaka 2010 watafiti walionyesha ya kwamba kimelea hicho chaweza kumshika CR1 na kumfanya kuwa mlango wake. Mwaka 2015 ilionyeshwa tena ya kwamba CD55 naye huhitajiwa na kimelea katika kuingia. Hao ndio walinzi wale wale tuliowasifu. Na mwaka 2016 ilionekana kwamba kimelea kikiwa nje ya chembe huichukua fakta H kutoka katika damu na kujivika, ili komplementi ikidhani kuwa ni mwenyeji. Hata ndani ya tumbo la mbu, ambako damu iliyonyonywa ingali na komplementi iliyo hai, kimelea hutumia vazi hilo hilo la kuibiwa. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Kimelea cha malaria kimeigeuza methali hiyo ikawa habari ya kweli.

Basi mzazi aliyempoteza mtoto kwa malaria, akiyasikia haya, anayo haki ya kuuliza: ikiwa huruma ya mwili ndiyo iliyomfungulia mwuaji, je, si afadhali mwili usingalikuwa na huruma? Swali hili halijibiwi kwa kumwambia anyamaze. Lahitaji jibu.

JIBU

Kwanza, na tuangalie yanayotokea walinzi hao wakipungua. Watafiti waliofanya kazi Kisumu, magharibi ya Kenya, walichapisha mwaka 2000 habari za watoto waliopatwa na upungufu mkubwa wa damu kwa sababu ya malaria. Walikuta ya kwamba chembe nyekundu za watoto hao zilikuwa na CR1 na CD55 wachache kuliko kawaida, na kwamba zililiwa kwa urahisi zaidi na chembe za kinga za mwili. Yajulikana pia kuwa katika upungufu wa damu wa namna hiyo, chembe zinazopotea nyingi ni zile ambazo kimelea hakikuingia kabisa. Kwa hiyo pale walinzi wanapopungua, mtoto hapati ushindi. Huongezewa hasara juu ya hasara: mwizi amekwisha kuingia, na wenye nyumba wanaanza kupigana wao kwa wao.

Pili, mwili haukuwaondoa walinzi wake. Umewabadilisha kwa kipimo. CR1 ana sura mbalimbali zinazorithiwa, na baadhi yake ni nyingi kwa watu wa Afrika na nadra kwa watu wa Ulaya. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 juu ya watoto wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, sura moja iitwayo Sl2 ilihusiana na kupungua kwa malaria ya ubongo, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa degedege lake, na kupungua kwa vifo. Sura nyingine ya protini hiyo hiyo, iitwayo McC(b), ilihusiana na kuongezeka kwa malaria ya ubongo. Tena faida ya ile ya kwanza ilionekana kwa watoto wasiokuwa na kasoro nyingine ya kurithi katika rangi nyekundu ya damu, nayo haikuonekana kwa wale waliokuwa nayo. Hekima ya jambo hili ni nzito. Hapana kipimo kimoja cha upole kilicho sawa kwa kila hali. Lakini katika vipimo vyote hivyo hapana hata kimoja kilichosema: mwondoe mlinzi kabisa.

Tatu, hila ya adui yaweza kugeuzwa kuwa mtego wake. Kijidudu cha homa ya uti wa mgongo nacho hujivika fakta H kwa kutumia kulabu maalum iliyo juu ya utando wake. Wataalamu waliichukua protini ya kulabu hiyo wakaitia katika chanjo, ili mwili ujifunze kumkamata mwizi kwa chombo kile kile anachoibia. Chanjo ya kwanza ya namna hiyo iliruhusiwa Ulaya mwaka 2013. Hapa mlinzi hakufukuzwa kazi kwa sababu mwizi alivaa nguo zake. Kilichotafutwa ni alama ya wizi wenyewe.

UPOLE USIO NA MPAKA

Ili tuwe waadilifu, yatupasa tuseme pia kwamba kufunga nguvu zote si wema. Mwaka 2007 iliruhusiwa dawa iitwayo eculizumab kwa wagonjwa wa ule mkojo mweusi. Dawa hiyo huifunga komplementi katika hatua ya C5, nayo imewarudishia wengi maisha yao. Lakini mgonjwa anayeitumia huwa wazi mno kwa homa ya uti wa mgongo, kwa sababu silaha iliyokuwa ikimwua kijidudu hicho imefungwa. Kwa hiyo hupewa chanjo, naye huambiwa akimbilie hospitali akiona homa. Huo ndio upole usio na mpaka: wamwokoa mtu na hasira ya nafsi yake, kisha wamwacha mikononi mwa mdhalimu. Na dawa hiyo ilipotoka, bei yake ilikuwa mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, jambo ambalo nalo ni swali la kimaadili, kwa kuwa uhai wa fundi wa Chake Chake hauna thamani ndogo kuliko uhai wa tajiri wa Boston.

Basi njia iliyo sawa haiko katika nguvu tupu wala katika ulegevu mtupu. Na kisiwa cha Unguja chenyewe chatuonyesha iko wapi. Baina ya mwaka 1957 na 1968 palifanywa juhudi kubwa ya kuangamiza malaria Zanzibar kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Majumba yalipulizwa dawa na ugonjwa ukapungua sana. Juhudi hizo ziliposimamishwa mwaka 1968, ugonjwa ulirejea kwa nguvu katika miaka iliyofuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisha tangu mwaka 2003 zilitumiwa dawa mseto zenye artemisinini, na tangu mwaka 2006 vyandarua vilivyotiwa dawa vikagawiwa kwa wingi na majumba yakapulizwa tena. Katika muda wa miaka michache waliokutwa na vimelea katika uchunguzi wa umma walishuka hata chini ya asilimia 1. Ugonjwa haukwisha, huletwa tena na wasafiri watokao bara, na juhudi zikilegea huinua kichwa. Lakini watoto waliokuwa wakijaza wodi za Mnazi Mmoja walipungua sana.

Tujiulize: ni nini kilichobadilika? Damu ya watoto wa Unguja haikubadilishwa. CR1 yupo pale pale, na CD55 yupo pale pale. Kilichobadilika ni ua wa nyumba. Mwizi alizuiwa nje, kabla hajaufikia mlango. Hili ndilo jibu kwa mzazi yule mwenye huzuni. Huruma ilipotumiwa vibaya na adui, dawa haikuwa kuiondoa huruma. Dawa ilikuwa ni watu kutimiza wajibu wao wa kumlinda mnyonge kwa chandarua, kwa kipimo cha damu na kwa dawa iliyofika kwa wakati. Mara nyingi tunapoulaumu upole, tulichokosa ni uadilifu na bidii ya kuulinda.

MPAKA WA MFANO

Hata hivyo yatupasa tahadhari. Haijuzu kusema: “Damu hufanya hivi, basi nasi tufanye hivi.” Damu haina hiari. Fakta H haistahili sifa kwa kujizuia, wala komplementi haistahili lawama kwa kuua. Wema huanzia pale penye uwezo wa kuchagua, na uwezo huo amepewa mwanadamu.

Tena iko tofauti iliyo kubwa kuliko hiyo. Mwili humhurumia aliye wake tu. Humtambua kwa alama iliyo juu ya ngozi ya chembe, na asiye na alama hana haki mbele yake. Mtu akiuchukua mfano huu bila ya kufikiri, atahitimisha kwamba huruma ni ya ndugu, wa kabila moja, wa chama kimoja, wa dini moja. Na walio nje wachomwe moto. Hiyo ingekuwa hitimisho ovu. Mwili hauwezi kuuliza, “Aliye wangu ni nani?” Mwanadamu aweza kuuliza, tena hana budi kuuliza, na maadili yote huanzia katika jibu atakalolitoa. Mwenye kumkiri Muumba mmoja wa wanadamu wote hawezi kuchora duara la walio wake likawa dogo kuliko wanadamu wote. Kwa hiyo tunachokipokea kutoka katika damu ni jambo moja tu, nalo latosha: ya kwamba nguvu na kizuizi chake si maadui, bali ni vitu viwili vilivyoumbwa kukaa pamoja. Nani apewe huruma hiyo, hilo ni juu yetu.

TULICHO NACHO MIKONONI

Na tulitazame jambo hili katika maisha. Huenda msomaji wa makala haya ni mtu aliyeihama imani ya wazee wake baada ya kutafuta kwa moyo safi, au ni mtu ambaye angali akitafuta. Atakapokwenda kwao, tuseme Makunduchi au Mkokotoni, huenda akakuta mjomba wake haitikii salamu, na sinia la chakula halimngojei. Nguvu anazo: anao ulimi, anazo hoja, pengine anayo na elimu kuliko wote waliokaa pale. Je, azitumie zote? Akizitumia zote, huenda akashinda mjadala na kumpoteza mama. Asipotumia chochote, akaikana dhamiri yake ili apewe chakula, amejiacha bila kinga. Njia ni kusimama na imani yake kama mlango usivyong'oka, na huku komeo likiwa upande wa ndani, tayari kufunguliwa kwa jamaa siku atakayobisha hodi.

Na kumbuka ya kwamba mlinzi wa chembe haitwi moto ukisha waka. Amekwisha kusimama pale kabla. Mtu anayengoja hasira ije ndipo atafute subira hataipata. Subira hujengwa siku za amani, kwa mazoea madogo: kunyamaza sokoni Darajani unapopunjwa shilingi chache, kumsikiliza mtoto kabla ya kumpiga, kumwachia jirani neno la mwisho.

Jamii nayo yahitaji walinzi wake. Zanzibar yajua gharama ya kuwakosa. Mwezi wa Januari mwaka 2001 roho za watu zilipotea katika fujo za kisiasa, na wengine wakakimbilia Kenya. Hawakuwa wageni waliouana. Walikuwa watu wa nchi moja. Mwezi wa Novemba mwaka 2009 viongozi wa pande mbili zilizohasimiana, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana na kuanzisha maridhiano. Na tarehe 31 Julai 2010 karibu theluthi mbili ya wapiga kura waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Yaliyofuata hayakuwa laini siku zote, na maridhiano hayo yalivunjika na kutafutwa tena. Lakini hakuna aliyekuwa dhaifu kwa kukubali kukaa na hasimu wake siku ile. Ilihitajika nguvu zaidi ya ile ya kurusha jiwe.

Basi jibu la swali letu ni hili. Anayejizuia kwa sababu hawezi lolote, huyo ni dhaifu, wala hatumsifu. Anayejiachia kwa sababu anaweza, huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake utaanza kumla yeye na walio wake kabla ya kumfikia adui. Mwenye nguvu kweli ni yule ambaye silaha zake zi kali na kizuizi chake ki imara, anayemzuia mdhalimu nje ya ua, na ambaye watu wa nyumbani mwake hulala bila ya kumwogopa.

Mwenyezi Mungu, aliyeweka mlinzi juu ya kila chembe ya damu zetu bila ya sisi kumwomba, atuwezeshe kuweka mlinzi kama huyo juu ya ndimi zetu na mikono yetu. Amin.